Kilio cha Ba Chola wa Mamba

Laurentine Mwape alikuwa akisema kwamba vidole vyake ni vya kukodi. Kwa miaka kumi na minne alikaa mbele ya mashine katika duka la Papa Michée, mtaani Kampemba, Lubumbashi, akiandika maneno ya watu wengine: barua za kuomba kazi, mashtaka ya mipaka ya viwanja, hotuba za harusi, salamu kwa mchumba aliyevuka mpaka wa Kipushi kwenda Zambia na hajarudi. Wateja walisimama nyuma ya bega lake wakisema, naye akiandika. Hakuna aliyemuuliza anafikiri nini.

Labda ndiyo sababu, alipofika umri wa miaka arobaini, akafungua ukurasa wake mwenyewe kwenye mtandao na kuuita Macho ya Kampemba. Kila Jumapili mchana, baada ya kanisa, aliandika habari za wiki: unga uliopanda bei, umeme uliokatika, mkubwa aliyeahidi na mkubwa aliyekana kwamba aliahidi. Aliandika Kiswahili cha mjini, kile kinachowaita watu *bantu* na watoto *batoto*, kwa sababu alichoka na magazeti yanayomkemea msomaji kwa Kifaransa. Watu walichukua maandishi yake na kuyatuma simu kwa simu hadi Kolwezi. Na kila tarehe mosi Januari alifanya hesabu ya mwaka mzima kwa maandishi marefu, ambayo baadhi ya watu waliyasoma kwa sauti mezani kabla ya kula kuku.

Mwaka huu hesabu hiyo ilikuwa na jambo moja tu.

Mnamo Novemba, karani wa Mradi wa Mifereji alikuja dukani na karatasi iliyoandikwa kwa mkono, akasimama nyuma ya bega la Laurentine na kumsomea. Laurentine akaandika: mfereji wa maji ya mvua umekamilika, umejengwa kwa zege na kufunikwa urefu wake wote. Vidole vikasimama. Mfereji huo ulikuwa barabarani kwake. Aliuvuka kila asubuhi juu ya ubao. Ulikuwa shimo refu la udongo mwekundu, kina cha mtu mzima na mkono wake juu, wala haukuwa na zege hata la kujengea choo.

"Papa, ule mufereji we mwenyewe ulishauona?" aliuliza.

"Mama, andika."

Akaandika. Chini ya karatasi akaacha nafasi ya sahihi ya mkuu wa mradi, Clément Chola. Jioni ileile aliupiga mfereji picha kwa simu, na karatasi iliporudi na sahihi ili kutolewa nakala, moja ilibaki dukani. Siku tisa baadaye mvua kubwa ilinyesha, maji yakajaa hata barabara na shimo vikawa kitu kimoja, na jirani yake Séphora, mjane anayeuza makaa, akakanyaga mahali ambapo hapakuwa na chini. Walimtoa kwa kamba. Nyonga ilikuwa imevunjika. Tangu siku hiyo Séphora alilala chumbani akitazama bati, na Laurentine, kila alipompelekea uji, alijiona anaingia na vidole vilivyoandika kwamba shimo halipo.

Hivyo alitaka jambo moja tu, nalo halikuwa kubwa: aseme kwamba shimo lipo na karatasi ni ya uongo, na watu wamwamini.

Lakini aliogopa. Mtu aliyemsema mkubwa kwa jina katika mji huu anaweza kulala kwake, anaweza pia kulala kwingine. Ndipo akakumbuka kwamba yeye ni mtu wa Samaki.

Baba yake alitoka Pweto, penye ziwa, na huko ukoo si jambo la kumbukumbu tu. Watu wa Samaki ni watani wa watu wa Mamba. Mamba anakula samaki, kila mtu anajua, lakini samaki ndiye anayemzika mamba. Mtu wa Mamba akifa, watu wa Samaki ndio wanaochimba kaburi, na ndio wenye ruhusa ya kuzuia jeneza njiani, kulikalia, kumwiga marehemu alivyokuwa akitembea na kukoroma. Hata kabla hajafa wanaweza kumtangazia kifo chake, kumwita mwizi, kumwita bwana wao au bibi yao, yaani mume au mke, na hana haki ya kukasirika. Anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Utani uko katika nchi nyingi, kwa majina mengi. Mara nyingi ni mlango ambao mnyonge anapitia kumtukana mwenye nguvu akatoka salama. Laurentine naye aliuona hivyo: mlango. Na Clément Chola, kila mtu wa Pweto aliyekuwa Lubumbashi alijua, alikuwa Mwina Ngandu, mtu wa Mamba wa baba na mama.

Basi tarehe mosi Januari, Macho ya Kampemba ilitoa tangazo la kifo kwa jina la Bena Isabi, yaani watu wa Samaki, kwa mtindo uleule wa matangazo ya redioni:

*Jamaa ya Bena Isabi, bale ba ku Pweto na bale ba ku Lubumbashi, inajulisha kwa furaha kubwa kifo cha bwana wao Clément Chola, wa ukoo wa Ngandu. Alikufa juu ya kumeza zege ya mufereji muzima, tumbo ikapasuka. Atazikwa mu caniveau, ule mufereji wa Kampemba, kwa sababu yeye mwenyewe alisema ilishaisha na kufunikwa. Kilio iko kwake. Mwenye atalia bila machozi, alie tu na maji ya mvua.*

Chini yake aliahidi kwamba wiki ijayo ataweka karatasi ya mradi, na picha ya mfereji iliyopigwa tarehe ileile ya karatasi. Kwanza wacheke, aliwaza. Mtu akishacheka amefungua kinywa, nawe unaweza kumtilia dawa.

Watu wa Pweto walicheka hadi wakakaa chini. Lakini Lubumbashi si ya watu wa Pweto peke yao. Nusu ya wasomaji wake walikuwa wa Kasai, wa Kolwezi, wa kila mahali, nao walisoma neno *kifo* wakaamini kifo. Kabla ya saa nane mchana wanawake kumi na wawili walikuwa wameshafika nyumbani kwa Chola, vichwa vimefungwa vitambaa, wakaangua kilio getini. Mke wa marehemu alitoka na mwiko mkononi. Marehemu mwenyewe alikuwa ndani akila pilipili na samaki.

Kesho yake Papa Michée, mwenye duka, alimngojea Laurentine mlangoni. Wazazi wake walitoka Kasai zamani, yeye akazaliwa hapahapa. Alikuwa mtu safi, mwenye kalamu mbili mfukoni mwa shati.

"Laurentine, uko na bazimu?"

"Bonne année, Papa Michée."

"Usinipatie bonne année. Muntu iko muzima, we unamuzika! Mama yangu mwenyewe amelia asubuyi yote. Amelia muntu hajue!"

"Ni utani, Papa. Yeye ni Ngandu, mi ni Samaki."

"Mi naona bantu wawili. Sioni samaki." Akamwonyesha karatasi yenye muhuri. "Wameleta hii. Hii nayo njo utani?"

Karatasi hiyo kwa jina la kiserikali inaitwa *invitation*, mwaliko, kana kwamba kutakuwa na keki. Ilimwalika Laurentine Mwape afike tarehe tano, saa tatu asubuhi, katika ofisi moja ya upelelezi, kwa jambo linalomhusu.

"Futa ile maneno," Papa Michée alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Na ile karatasi ya mradi, ukiitosha inje bantu waione, hautarudia hapa. Mteja akileta siri yake, mashine haiseme."

Laurentine hakufuta. Usiku hakulala vizuri, lakini hakufuta.

Inspekta aliyempokea alikuwa ametoka Mbandaka, kunakosemwa Kilingala, miezi mitano tu iliyopita, na Kiswahili chake kilichechemea kama mtu aliyevaa viatu vya ndugu yake. Tangazo alikuwa amelichapisha na kulipigia mistari.

"Mama, hapa: *alikufa*. Hapa: *atazikwa*. Hapa: *kwa furaha kubwa*. Nani alikutuma?"

"Ukoo, Chef."

Akaandika. "Ukoo. Iko chama?"

"Apana. Ni jamaa. Kule kwetu Samaki wanazika Ngandu. Mi ningemwita mwizi mbele ya mama yake, angecheka."

"Kumwita mwizi." Akaandika na hilo pia.

Alieleza mara tatu. Kila alipoeleza, maneno yalitoka kwake yakiwa utani na kufika kwenye daftari yakiwa shitaka. Mwishowe inspekta aliweka kalamu chini, akajinyosha mgongo.

"Nasikia. Lakini mimi siwezi kuandika samaki mu rapport. Kama iko mchezo, ule mtu aseme mwenyewe iko mchezo. Tarehe nane bantu ya mradi wanafanya sherehe ya salamu za mwaka. Uende. Nami nitakuwa pale. Akisema ni mchezo, nafunga. Akisema hapana..." Akatazama mlango wa nyuma, ule wa mahabusu.

Nyumbani, Tantine Albertine, dada mdogo wa baba yake, alipiga makofi ya furaha aliposikia. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye nguvu, aliyejua nyimbo zote za kuzuia jeneza.

"Sasa uko unalia nini? Ngandu hawezi kukana Samaki. Atakuwa kichekesho mpaka ku Kalemie. Atasema tu ndiyo."

"Tantine, sitaki aseme ndiyo."

"Unataka ufungwe?"

"Nataka mufereji."

Albertine akamtazama kama mtu anayetazama sufuria iliyotoboka. "Kwanza utoke mu mudomo ya bantu ya serikali. Mufereji haukimbii."

Tarehe nane walikwenda pamoja, Albertine amebeba dumu la munkoyo, kinywaji cha unga wa mahindi, kwa sababu mtani haendi mikono mitupu. Ukumbi ulijaa: mafundi wa mradi, wake zao, mchungaji, vijana wawili wenye kamera, soda kwenye kila meza. Inspekta alisimama karibu na mlango, koti lake limefungwa vifungo vyote.

Clément Chola alikuwa mtu mnene, mwenye uso unaopendeka. Hilo ndilo Laurentine hakulitarajia. Chola alimwona kutoka mbali, akaacha mchungaji katikati ya sentensi, akafungua mikono.

"Bibi yangu! Bibi yangu huyu hapa! Umenizika, hata kuniosha haukuniosha?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Albertine, asiyeweza kujizuia, akapiga kigelegele.

"Mi niliogopa harufu," Laurentine alisikia mdomo wake ukijibu, kwa sababu utani unajibiwa, mwili unaujua kabla ya kichwa.

"Ah! Munasikia? Miaka yote nakula bandugu zake ku Pweto, leo wameamua kulipiza!" Akaagiza sahani ya unga, ule ambao watani hupakana. Ililetwa mara moja, ilikuwa tayari. Hapo ndipo Laurentine alipoelewa: mtu huyu alikuwa amejiandaa. Chola akapiga goti mbele yake, suti yake ya bluu ikagusa sakafu, akafumba macho. "Nipake, Samaki. Nifufue."

Kamera zikasogea. Laurentine akachovya vidole katika unga, vidole vilevile, akampaka mashavuni. Chola akainuka mweupe kama maiti aliyebadili mawazo, akachukua kipaza sauti.

"Ndugu zangu, kuna bantu wanasema huyu mama ni adui yangu. Kuna mpaka bale walimwandikia karatasi." Yeye hakumtazama inspekta; wengine wote walimtazama. "Sasa bibi, sema mwenyewe mbele ya bantu. Yale uliandika, ilikuwa utani ao ilikuwa kweli?"

Akampa kipaza sauti.

Ukumbi ulingojea kucheka tena. Laurentine aliangalia mlango. Akisema *kweli*, koti lenye vifungo litafunguka, na hata watu wa Pweto watamtemea mate, kwa maana aliyetumia utani kuficha kisu amewaharibia wote. Akisema *utani*, atarudi nyumbani. Kifo kilikuwa utani, ndiyo. Tumbo kupasuka kulikuwa utani. Shimo halikuwa utani. Lakini swali la Chola halikuacha nafasi katikati. Lilikuwa limejengwa vizuri, kwa zege, na kufunikwa urefu wake wote.

Albertine akamfinya mkono. "Sema," alinong'ona. "Sema, mutoto."

"Ilikuwa utani," Laurentine alisema.

Makofi. Ngoma. Inspekta alitoa karatasi mfukoni, akaandika juu yake kitu kifupi, akachukua soda.

Jumapili iliyofuata alitimiza ahadi yake. Aliweka kila kitu: karatasi ya mradi yenye sahihi, picha ya mfereji ya tarehe ileile, jina la Séphora kwa ruhusa yake, siku aliyoanguka, kina cha shimo alichokipima kwa kamba ya kuanikia nguo. Aliandika bila mzaha hata mmoja. Aliandika pia jambo ambalo lilimgharimu zaidi: *Karatasi hii niliiandika mimi, kwa vidole vyangu, na nilijua kwamba ni uongo.* Kisha akakaa, simu magotini, akangojea hasira ya mji.

Majibu yakaja kwa mamia.

*Bibi ya Ngandu ameanza tena!*

*Mama, mambo ya nyumba mumalizie mu chumba.*

*Iko na wivu, bwana alifufuka akaenda kwa ingine.*

*Hahaha eti kamba ya nguo. Bena Isabi muko wabaya!*

Walikuwa wakimsifu. Hilo ndilo lililokuwa gumu kulibeba. Hawakumpinga, hawakumtisha, walimpenda kuliko zamani, na hawakusoma neno moja jinsi lilivyoandikwa. Picha ya Chola aliyepakwa unga ilitembea pamoja na kila sentensi yake kama kivuli. Chola mwenyewe alijibu saa kumi jioni: *Bibi yangu, njoo tupime pamoja, mi nitashika kamba.* Watu elfu mbili waliipenda.

Jumatatu alikwenda dukani akiwa tayari kufukuzwa. Kichwani mwake alikuwa ameshatoa kikombe chake na kanga yake kwenye droo. Papa Michée alimkaribisha kwa tabasamu.

"Ba Chola amepita. Amesema tusikasirike na bibi yake. Ameleta kazi: kadi mia mbili za salamu." Akashusha sauti, akifurahi kama mtu aliyeingizwa katika siri. "Sasa nimeelewa hii mambo yenu ya samaki. Ni muzuri sana."

Hata kufukuzwa hakufukuzwa. Akakaa mbele ya mashine, akaandika mara mia mbili *Heri ya mwaka mpya kutoka Mradi wa Mifereji*.

Jioni alimpelekea Séphora uji. Mjane alikuwa amewekewa mto chini ya nyonga; kijana wa jirani alikuwa amemsomea maandishi yote, na majibu pia. Alikunywa vijiko vitatu, akasukuma bakuli.

"Laurentine."

"Mama."

"Mi natafuta kuelewa. Mi, sina ukoo na ule bwana. Mi natoka Kasai."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa juu ya nini bantu wanacheka mi nikianguka?"

Laurentine alitafuta jibu kwa Kiswahili, kwa Kibemba cha baba yake, kwa Kifaransa cha shule. Lugha zote tatu zilimletea kitu kimoja: *ilikuwa utani*, kwa sauti yake mwenyewe, katika kipaza sauti. Akaosha bakuli, akafunga mlango polepole.

Asubuhi iliyofuata hakwenda kazini. Alikwenda katika ile ofisi ya upelelezi, akapanga mstari, akafika mbele ya inspekta na kuweka mezani ule mwaliko wa zamani aliokuwa ameutunza ndani ya Biblia.

"Chef, nimekuja kubadili neno langu. Haikuwa utani."

Inspekta alimtazama, kisha uso wake wote ukafunguka. Kiswahili chake kilikuwa kimepona kidogo.

"Aa, Mama Samaki! Umegombana na bwana?"

"Sina bwana. Muandike. Nilisema mukubwa wa mradi alitia sahihi ku uongo. Ni mashtaka. Kama nimesingizia, munifunge. Kama sikusingizia, muende mupime ule mufereji. Moja ya zile mbili. Lakini muandike."

"Mama, dossier ilifungwa. Bwana mwenyewe alikusamehe mbele ya bantu."

"Sikuomba musamaha."

"Ndiyo, ndiyo." Alikuwa anacheka kwa upole, akawageukia wenzake wa meza ya pili. "Munamuona? Njo ule nilikuwa nawaambia. Samaki na Mamba. Kule kwao hawa wanachokozana mpaka ku kaburi!" Wenzake wakacheka pia, mmoja akampa mkono. Inspekta akamrudishia karatasi. "Rudia nyumbani, Mama. Nikikuandika leo, kesho mutapatana, mimi njo nitabaki kichekesho."

Nje mvua ilikuwa imeanza. Kulikuwa na benchi ukutani, limejaa watu wenye karatasi zao, kila mmoja ameshika yake kwa mikono miwili. Laurentine aliomba wasogee, akakaa. Mwanamke aliyekuwa kando yake, jasho usoni ingawa ilikuwa baridi, alimuuliza kwa sauti ndogo:

"Nawe wamekuita?"

"Apana," Laurentine alisema. "Wanakataa kuniita."

Mwanamke yule akaanza kutabasamu.

"Usicheke, Mama," Laurentine alisema. "Tafadhali. Sikiliza tu. Ku Kampemba kuko mufereji."